UZI: Kuhamisha databesi ya mapokezi ya mwani kutoka MySQL 5.7 kwenda PostgreSQL 16

#1 Mwani_Tumbe

Asalaam aleikum wakuu.

Kazi yenyewe ni hii. Mfumo wa mapokezi ya mwani, vituo vinne vya Pemba: Tumbe, Micheweni, Wete na Mkoani. Seva ya sasa iko Chake Chake, MySQL 5.7. Mpya itakuwa Unguja, PostgreSQL 16 juu ya Ubuntu. Ukubwa ni GB 6, majedwali 62. Jedwali kubwa ni `kumbukumbu` (nani kagusa nini, lini), mistari milioni 21. `mapokezi` lina kama milioni 2. Programu imeandikwa kwa PHP, na amri nyingi za SQL zimeandikwa kwa mkono.

MySQL 5.7 haipati marekebisho ya usalama tangu Oktoba 2023, kwa hiyo kubaki hapa hakuna hoja. Laini baina ya Chake na Unguja ni Mbps 10. Nataka kujua njia, na zaidi nataka kujua panapoharibika.

#2 Fundi_Mkunazini

Waaleikum salaam. Kwa GB 6 usijisumbue na mitambo ya kunakili mabadiliko moja kwa moja. Hiyo ni ya databesi isiyoweza kusimama hata nusu saa. Wewe tumia pgloader (programu ya kuhamisha databesi kwenda Postgres), funga mfumo usiku mmoja, maliza.

Ila usiiendeshe pgloader kupitia hiyo laini. Ikikatika katikati unaanza upya. Fanya hivi: chukua bakapu Chake, ibane, ipeleke Unguja, uifungue kwenye MySQL 5.7 ya muda iliyokaa mashine moja na Postgres. Uhamishaji wenyewe ufanyike hapo hapo ndani ya mashine.

`mysqldump --single-transaction --routines --hex-blob --default-character-set=utf8mb4 mwani | gzip > mwani.sql.gz`

GB 6 mbichi kwa Mbps 10 ni saa 1 na dakika 20 laini ikiwa safi. Ukiibana ikafika GB 1 ni dakika 13 na ushei. Isukume kwa `rsync --partial` ili ikikatika iendelee ilipoachia. Diski kwa boti nayo ni njia halali kabisa, mradi faili limefungwa kwa nywila, maana ndani mna majina na simu za wakulima.

Faida ya pili ya nakala: usafi wote wa data unaufanya kwenye nakala kwanza, huku seva ya Chake inaendelea na kazi.

#3 bint_Wete

Kaka Fundi kasema sawa, lakini kabla ya pgloader kuna siku kadhaa za kukagua. MySQL inasamehe mengi, Postgres haisamehi. Anza na tarehe:

`SELECT COUNT(*) FROM mapokezi WHERE MONTH(tarehe)=0 OR DAY(tarehe)=0;`

Hii inakamata `0000-00-00` na pia zile nusu nusu kama `2014-06-00`, ambazo watu huzisahau. Ile ya sifuri tupu igeuze NULL (pasipo na thamani), haina kitu ndani. Ya nusu ina mwaka na mwezi wa kweli. Ukiiacha igeuzwe NULL na programu unapoteza habari. Itengenezee kolamu ya maandishi pembeni kwanza, halafu mwenye daftari aamue siku.

Halafu `tinyint(1)`. pgloader huigeuza kuwa boolean, sifuri ni uongo na kilichobaki chote ni kweli. Sasa kama `hali` ina 0 kwa haijalipwa, 1 kwa imelipwa na 2 kwa imekataliwa, basi mwani wote uliokataliwa utaonekana umelipwa. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Pitia kila kolamu ya aina hiyo:

`SELECT hali, COUNT(*) FROM mapokezi GROUP BY hali;`

Ukiona zaidi ya 0 na 1, iandikie kanuni yake kwenye faili la pgloader iende `smallint`.

Namba zisizo na alama ya kutoa: `INT UNSIGNED` hufika 4,294,967,295 na `integer` ya Postgres inaishia 2,147,483,647, kwa hiyo iende `bigint`. `BIGINT UNSIGNED` iende `numeric(20)`.

#4 Mwani_Tumbe

Shukran dada. Nimeangalia `hali`: 0, 1, 2 na 9. Hiyo 9 hata kwenye PHP haimo.

Kuna kolamu `malipo` na `uzito` ni FLOAT. Hizo vipi?

#5 MzeeWaSeva

Hapo kwenye FLOAT simama kwanza, kijana wangu. Hapa ndipo pesa inapopotea, nami naona watu wanapita wakiimba.

FLOAT ni baiti 4. Inashika namba nzima bila kukosea mpaka 16,777,216 tu. Malipo ya kikundi yanavuka milioni 16 na laki saba mara ngapi kwa mwaka? Juu ya hapo shilingi ya mwisho ilishapotea siku ilipoandikwa, na hakuna programu itakayoirudisha. Itafutwe kwenye stakabadhi.

Jambo la pili liko kwenye kusoma. FLOAT tupu, isiyotajiwa tarakimu za desimali, MySQL 5.7 inaitoa kwa tarakimu sita za maana. Ndani imo 1234567, nje inatoka 1234570. Programu inayohamisha husoma hicho kinachotoka nje. Jaribu:

`SELECT malipo, malipo + 0 FROM mapokezi WHERE malipo > 1000000 LIMIT 20;`

Kolamu mbili zikitofautiana, umeona mwenyewe. Dawa ni kubadilisha aina kwenye nakala kabla ya kuhamisha. Ongeza kolamu mpya `malipo2 DECIMAL(14,2)`, ijaze kwa `malipo + 0`, linganisha jumla, halafu ya zamani ifutwe. Uzito fanya vile vile, `DECIMAL(10,3)` inatosha kwa kilo na gramu. Kule Postgres zitakuwa `numeric`. Asikwambie mtu uweke `real` au `double precision` kwa pesa.

#6 Tunguu_dev

Kwa Zanzibar tatizo ninaloliona kubwa kuliko yote ni majina ya mahali. Ng'ambwa, Ng'ombeni. Kile kiapostrofi kinaleta balaa la aina tatu.

Balaa la kwanza: ukitoa data kwa mysqldump ya kawaida na kujaribu kuisoma Postgres moja kwa moja, MySQL inaandika `'Ng\'ambwa'`. Postgres haihesabu huo mkwaju wa nyuma kuwa kinga, yenyewe inataka `'Ng''ambwa'`. Mstari wa kwanza wenye Ng'ambwa unavunja kila kinachofuata. Kwa hiyo faili la mysqldump si la kulishwa Postgres, hata uligongeegongee kwa sed. Ule mpango wa `--compatible=postgresql` uliondolewa MySQL 8.0, na hata ulipokuwepo haukuwa unatosha.

Balaa la pili: simu na Word hubadilisha kiapostrofi kilichonyooka kuwa kilichopinda. Kilichopinda kwa UTF-8 (usimbaji wa herufi) ni baiti E2 80 99. PHP ikiwa iliunganishwa kwa latin1 (usimbaji mwingine, wa zamani) huku jedwali ni utf8, kila baiti ilihesabiwa herufi kamili ikasimbwa tena. Matokeo ni `Ngâ€™ambwa`. Kwenye kurasa za zamani inaonekana sawa, kwa sababu inasomwa kwa kosa lile lile iliyoandikiwa. Ukihamia Postgres mchafu unaonekana wote. Itafute kwa HEX (baiti zenyewe), usiamini macho:

`SELECT id, jina, HEX(jina) FROM shehia WHERE HEX(jina) LIKE '%C3A2E282ACE284A2%';`

Kuitengeneza:

`UPDATE shehia SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4) WHERE HEX(jina) LIKE '%C3A2E282ACE284A2%';`

Hilo `WHERE` si pambo. Ukiiendesha jedwali zima, mistari iliyokuwa sahihi nayo inabomolewa: kiapostrofi kilichopinda kinakuwa baiti moja 92, ambayo si UTF-8 halali.

Balaa la tatu: ukishasafisha, bado utakuta Ng'ambwa kwa kiapostrofi kilichonyooka, kilichopinda kulia, kilichopinda kushoto, na hata kwa ile alama ya kushoto kabisa ya kibodi. Shehia moja, maandishi manne. Chagua kilichonyooka, badilisha vingine vyote, halafu weka ulinzi kwenye fomu ya kuingizia.

#7 bint_Wete

Na hapo hapo ongeza herufi kubwa na ndogo. MySQL kwa kolesheni (kanuni ya kulinganisha maandishi) ya kawaida, `Wete`, `WETE` na `wete` yenye nafasi mwishoni ni kitu kimoja. Postgres ni vitu vitatu. Ripoti iliyokuwa na mistari minne ya vituo itatoka na tisa.

Mbaya zaidi ni funguo za kigeni za maandishi. Mtoto ana `WET-03`, mzazi ana `wet-03`. InnoDB (injini ya MySQL ya kuhifadhi majedwali) iliukubali uhusiano huo miaka yote, Postgres itaukataa. Sawazisha pande zote mbili kwanza, kisha kwenye Postgres weka:

`CREATE UNIQUE INDEX ON shehia (lower(btrim(jina)));`

Kuna `citext` (aina ya maandishi isiyobagua herufi kubwa na ndogo), na kuna kolesheni za ICU zisizobagua herufi, lakini kwenye toleo la 16 hizo za ICU hazikubali LIKE. Mfumo wenye kisanduku cha kutafuta jina utakwama. Mimi napendelea data safi na indeksi hiyo hapo juu.

#8 Fundi_Mkunazini

Sasa faili lenyewe la pgloader. Liite `mwani.load`:

```
LOAD DATABASE
  FROM mysql://msomaji:nywila@localhost/mwani
  INTO postgresql://mwenye:nywila@localhost/mwani

WITH include drop, create tables, create indexes,
     reset sequences, foreign keys, on error stop,
     workers = 4, concurrency = 1, prefetch rows = 10000

SET maintenance_work_mem to '1GB', work_mem to '64MB'

CAST type datetime to timestamp drop default drop not null
       using zero-dates-to-null,
     column mapokezi.hali to smallint drop typemod

ALTER SCHEMA 'mwani' RENAME TO 'public';
```

Mambo ya kuangalia humo:

`include drop` inafuta majedwali yaliyopo kwa jina hilo kule Postgres, pamoja na vyote vinavyoyategemea. Kwa majaribio ni raha, unarudia utakavyo. Siku mfumo ukishahamia, faili hili liondoe kabisa kwenye seva. Mtu akiliendesha kwa bahati mbaya wiki ya pili, data mpya yote imekwenda.

`ALTER SCHEMA` ipo kwa sababu pgloader huweka majedwali ndani ya skima yenye jina la databesi ya MySQL. Bila mstari huo programu inatafuta `public` na kuambiwa jedwali halipo, wakati lipo pembeni tu.

`prefetch rows` ya kawaida ni laki moja. Kwa `kumbukumbu` yenye kolamu ndefu za maandishi, RAM ya mashine inajaa na pgloader inakufa na ujumbe `Heap exhausted, game over`. Elfu kumi inapunguza njaa hiyo.

Majina ya majedwali yatakuwa herufi ndogo yote, na yaache hivyo. Ukiweka `quote identifiers` ili kulinda `TareheMapokezi`, utaandika alama za kunukuu kila amri maisha yako yote.

`drop default` inaondoa pia `CURRENT_TIMESTAMP` kwenye kolamu kama `iliingizwa`, na `drop not null` inalegeza kolamu zote za datetime, hata zisizokuwa na tatizo. Orodhesha mapema zilizokuwa na sifa hizo, uzirudishie baada ya kuhamisha.

#9 Kojani77

Kwa nini `timestamp` na si `timestamptz` (ile yenye saa za eneo)? Kila mahali wanashauri ya pili.

#10 MzeeWaSeva

Ushauri ni mzuri kwa mfumo mpya. Kwenye kuhama kuna mtego. DATETIME ya MySQL haina saa za eneo, imeandikwa kama ilivyokuja. TIMESTAMP ya MySQL inahifadhiwa kwa UTC na kutolewa kwa saa za kipindi kilichounganishwa. Kama mfumo una zote mbili, na Postgres mpya iko kwenye UTC kama zilivyo seva nyingi za kukodi, `timestamptz` itaichukua saa 4 asubuhi ya Tumbe kana kwamba ni saa 4 ya UTC. Baadaye ukiitazama kwa saa zetu inakuwa saa 7 mchana. Mapokezi ya saa 4 usiku yanahamia siku ya pili, na ripoti ya siku haikubaliani tena na daftari.

Kwa hiyo hamisha kwanza kama ilivyo. Ukitaka `timestamptz` ibadilishe baada ya hapo, kwa kutamka eneo:

`ALTER TABLE mapokezi ALTER COLUMN iliingizwa TYPE timestamptz USING iliingizwa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam';`

Jina ni hilo la Dar, usitafute la Zanzibar kwenye orodha, halimo. Na tarehe ya kuzaliwa ya mkulima iwe `date` tu, haina saa wala eneo.

Kabla ya yote soma `SELECT @@global.time_zone, @@system_time_zone;` kwenye seva ya Chake, uifanye nakala ya muda ifanane nayo.

#11 Tunguu_dev

Kwa asiyetaka pgloader, `mysqldump --tab` inatoa faili moja la maandishi kwa kila jedwali, kolamu zimetenganishwa kwa tabo na NULL imeandikwa `\N`. COPY, amri ya Postgres ya kupakia data kwa wingi, inasoma mtindo huo huo bila kubadilisha chochote. Inakubali kuandika kwenye folda ya `secure_file_priv` tu. Weka `--default-character-set=utf8mb4`, la sivyo kila kolamu inatoka kwa usimbaji wake.

Itakataa mstari wenye baiti sifuri ndani ya maandishi, maana Postgres haihifadhi baiti hiyo kwenye `text` kwa hali yoyote. Mara nyingi imetokana na mashine ya kusoma kadi au mizani. Ifute kwa `REPLACE(kolamu, CHAR(0), '')`.

Kwa njia hii utaratibu ni wako: majedwali matupu, COPY, funguo kuu, indeksi, na mwisho funguo za kigeni. Ukianza na indeksi, milioni 21 za `kumbukumbu` zitakukalisha. Sikwensi (kihesabu kinachotoa `id` mpya) nazo usisahau, bila hivyo mstari mpya wa kwanza unagonga ufunguo uliokwishatumika:

`SELECT setval(pg_get_serial_sequence('mapokezi','id'), (SELECT MAX(id) FROM mapokezi));`

Utaona kwenye mitandao watu wanashauri `fsync = off` (kutosubiri data ifike kwenye diski) ili kupakia haraka. Kwa umeme wetu, hapana. Umeme ukikatika wakati huo, yanayoharibika si hayo majedwali tu, ni Postgres nzima. `synchronous_commit = off` pamoja na `max_wal_size` ya GB 8 inakupa kasi ya kutosha bila hatari hiyo.

#12 Mwani_Tumbe

Nimefanya jaribio kwenye nakala, data imepita. PHP ndiyo inalia. Nimeshabadilisha `IFNULL` kuwa `COALESCE`, `GROUP_CONCAT` kuwa `string_agg`, `LIMIT 10,20` kuwa `LIMIT 20 OFFSET 10`, na kuondoa zile alama za kushoto (backtick) kwenye majina.

#13 bint_Wete

Hizo zinazolia ni rafiki zako, zinakuonesha zilipo. Hofu ni zinazonyamaza.

Kugawanya: MySQL `7/2` ni 3.5, Postgres ni 3, kwa sababu zote mbili ni namba nzima. Kama kuna pahala gramu zinagawanywa kwa 1000 kupata kilo, kila mkulima anapunjwa desimali zake na hakuna ujumbe. Tafuta kila mkwaju kwenye SQL, andika `/ 1000.0`.

Mpangilio: amri isiyo na `ORDER BY` kwenye InnoDB kwa kawaida inatoka kwa mpangilio wa ufunguo mkuu, watu wakazoea. Postgres mstari uliobadilishwa unaweza kuhamia pengine, orodha inachezacheza. Na NULL, MySQL inaziweka mwanzo ukipanga kwa kupanda, Postgres mwisho.

Utafutaji: `LIKE 'mak%'` iliyokuwa inaleta Makangale sasa haileti kitu. `ILIKE`.

Muamala: ndani ya muamala wa Postgres, amri moja ikikosea zinazofuata zote zinakataliwa mpaka ROLLBACK. PHP nyingi za zamani zinajaribu INSERT, ikigonga zinakwenda UPDATE kana kwamba hakuna kilichotokea. Badilisha ziwe `INSERT ... ON CONFLICT ... DO UPDATE`.

#14 Kojani77

Na kuhakikisha kwamba vyote vimefika? Kuhesabu mistari kunatosha?

#15 Fundi_Mkunazini

Hakutoshi, na hata kuhesabu kwenyewe uhesabu kwa `COUNT(*)`. Ile `table_rows` ya `information_schema` kwa InnoDB ni makisio, na `reltuples` ya Postgres vile vile.

Baada ya idadi, jumla: `SUM(uzito)` na `SUM(malipo)` kwa kila kituo na kila mwezi, pande zote mbili, zitolewe kwenye faili mbili na kulinganishwa kwa `diff`. Halafu alama ya kila mstari:

`SELECT id, MD5(CONCAT_WS('|', id, uzito, malipo, tarehe)) FROM mapokezi ORDER BY id;`

Inaendeka kote kuwili kama ilivyo. Boolean usiziingize humo, upande mmoja ni 1 na mwingine ni `t`. Na usijaribu kuzikusanya alama zote kwa `GROUP_CONCAT`, inakatwa kimya kwenye baiti 1024.

Usiku wenyewe: chagua maji mafu. Wakati wa bamvu wakulima wako pwani, mwani unavunwa na vituo vinapokea mfululizo. Funga baada ya Isha, kwenye seva ya Chake toa `SET GLOBAL super_read_only = ON;`, hakikisha hakuna kituo kinachoandika, ndipo uchukue bakapu ya mwisho. Usafi wote wa #3 mpaka #7 uwe kwenye skripti moja inayoendeshwa kwa mpangilio ule ule uliojaribiwa, si kwa kukumbuka saa sita za usiku. Ukishapakia toa `VACUUM ANALYZE;` kabla ya kufungua, la sivyo Postgres haina takwimu za majedwali na ripoti za asubuhi zitakuwa nzito.

#16 Mwani_Tumbe

Nikishafungua, na siku ya tatu likatokea jambo la kunirudisha MySQL?

#17 MzeeWaSeva

Siku ya tatu Postgres ina mapokezi ambayo MySQL haina, kwa hiyo kurudi ni kuhamisha kwa upande wa pili. Weka mpaka mapema: saa mbili za asubuhi ya kwanza, vituo viwili vipokee na kuchapisha stakabadhi, jumla zikaguliwe. Hapo kurudi bado ni kuingiza tena mistari michache kwa mkono. Ukishavuka, matatizo yatatuliwe mbele.

Seva ya Chake iache ikiwa ya kusoma tu mpaka ripoti ya mwezi mzima ifungwe kwenye mfumo mpya. Na ile 9 ya kwenye `hali`, muulize aliyekuwa akiingiza data Mkoani kabla hujaipa maana.

#18 Mwani_Tumbe

Mzee, 9 zote ni za Mkoani kweli, nimezipanga kwa kituo. Kumbe ilikuwa mzigo uliorudishwa kukaushwa tena. Naiwekea jedwali la `hali_aina` lenye mistari minne na ufunguo wa kigeni.